Madoido ya picha kwa anayeanza: kata, bandika, tia kivuli

Nimekuwa kimya wiki mbili tatu hivi, si kwa kupenda, ni kazi ya kuandika programu iliyonibana mpaka nikasahau hata siku za wiki. Leo nimepata nafasi, na nimeamua tuweke kando hifadhidata na misimbo, tuzungumzie picha. Ndiyo, picha hizi hizi unazopiga kwa simu yako.

Sababu ni hii. Naishi Kawangware, si mbali na steji ya 46, na Jumamosi huwa navuka Barabara ya Ngong nashuka Kibera, upande wa Makina, ambako vijana wachache wenye hamu ya kompyuta hukutana. Wakisikia kwamba mimi ni mtu wa programu, swali lao la kwanza halihusu Java wala PHP. Ni hili: "Unaweza kunitoa hapa uniweke pale?" Kijana anataka kusimama kando ya gari asilonalo. Mama anataka mabati yaliyo nyuma ya mtoto wake yapotee. Mwingine anataka kila kitu kiwe kijivu isipokuwa gauni lake jekundu. Nimejibu maswali haya mara nyingi mno kwa mdomo, basi leo nayaandika, ili nikiulizwa tena niseme "kasome."

Nitaeleza madoido matatu tu. Wengine huyaita efekti, jina si hoja. Yanatosha kwa mtu anayeanza, na ukiyaelewa haya, yale mengine mia moja utayatambua kuwa ni ndugu zake.

KUKATA NA KUBANDIKA NI KWA ZAMANI

Watu wengi hudhani mambo haya yalianza na Photoshop. Photoshop ilitoka mwaka 1990, kazi ya ndugu wawili Wamarekani, Thomas na John Knoll. Lakini huku kwetu, kisiwani Lamu, marehemu Omar Said Bakor alikuwa na studio yake miaka mingi kabla ya hapo, na alijulikana kwa picha zake za kuunganisha, ambamo sehemu za picha mbili tatu tofauti hukaa pamoja katika karatasi moja. Hakuwa na kompyuta. Mombasa nako, wapiga picha wa kivuko cha Likoni miaka ya 1990 walipamba vibanda vyao kwa meli, ndege na maghorofa, mteja akisimama mbele yake anatoka kama msafiri aliyefika mbali.

Jirani yangu fundi wa studio hapa Kawangware bado ana kitambaa chake kilichochorwa maporomoko ya maji. Amekikunja nyuma ya mlango. Siku hizi maporomoko yamo ndani ya kompyuta, lakini mteja ni yule yule na ombi ni lile lile. Kwa hiyo usije ukaambiwa kwamba unajifunza mambo ya kigeni. Unajifunza kazi ya wazee kwa chombo kipya.

PICHA NI JEDWALI LA NAMBA

Hapa niruhusuni niongee kama mtu wa programu kwa dakika moja. Picha ndani ya kompyuta si picha, ni jedwali la namba. Simu yenye kamera ya megapikseli 12 hutoa jedwali lenye nguzo kama 4000 na safu kama 3000. Kila kijisanduku, yaani pikseli, kina namba tatu: nyekundu, kijani na buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Zidisha 256 mara tatu kwa yenyewe utapata rangi 16,777,216. Ni hayo tu.

Basi kila doido ni hesabu. Kuongeza mwanga ni kujumlisha. Kufanya picha iwe ya kijivu ni kuchanganya zile namba tatu ziwe moja, na kijani hupewa uzito mkubwa kuliko wenzake kwa sababu jicho la binadamu huiona zaidi. Kutia ukungu ni kuchukua kila pikseli na kuipa wastani wa majirani zake. Kuchanganya picha mbili ni kusema: asilimia 70 ya hii, asilimia 30 ya ile.

Kuna jambo moja la kushika hapa, maana litaturudia baadaye. Ukiongeza 20 kwenye pikseli yenye 250, haifiki 270, inagota 255. Jirani yake aliyekuwa na 240 naye anagota 255. Sasa wawili hao wamefanana, na hakuna programu duniani inayoweza kujua tena nani alikuwa 250 na nani 240. Namba ikishapotea imepotea. Kinachoweza kufanyika ni kubuni nyingine.

Ndiyo maana sheria ya kwanza ni kutogusa picha asilia. Ifanyie nakala, fanya kazi kwenye nakala.

CHOMBO

Mimi hutumia GIMP, na hiyo ndiyo nitakayoieleza. Ni programu huria, hailipiwi, na inakubali Linux, Windows na Mac. Ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na umma ukaipata mwaka 1996. Toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025, na kubwa ndani yake ni kwamba sasa unaweza kutia kichujio kisha ukarudi baadaye kukibadilisha bila kuanza upya. Kompyuta kuukuu ya mtumba inaimudu, mradi usifungue picha kumi kwa mpigo.

Kama uko saiba na hawakuruhusu kusakinisha kitu, fungua Photopea ndani ya kivinjari. Sura yake ni ya Photoshop, lakini matabaka na barakoa ni yale yale.

Hifadhi kazi yako katika faili ya XCF, ambayo huweka matabaka yote. JPEG ni ya kumpa mteja tu, kwani kila ukiihariri na kuihifadhi upya inatupa taarifa kidogo. Na bonyeza Ctrl+S kila baada ya dakika chache. Stima za mitaa yetu mnazijua.

DOIDO LA KWANZA: UKUNGU NYUMA YA MTU

Huyu ndiye yule mama wa mabati. Hatutayatoa mabati, tutayafifisha tu mpaka jicho liyapuuze.

1. Fungua picha. Rudufu tabaka kwa Shift+Ctrl+D. Sasa una matabaka mawili yanayofanana, kama karatasi mbili za kioo zilizolaliana.

2. Chagua tabaka la chini, nenda kwenye vichujio, tia ukungu wa Gauss. Usione kitu? Ni kawaida, tabaka la juu limeufunika.

3. Rudi tabaka la juu, bonyeza kulia, ongeza barakoa nyeupe. Barakoa ndiyo siri ya kazi hii yote: penye nyeupe tabaka linaonekana, penye nyeusi limefichika, penye kijivu limefifia. Hakuna kinachofutwa.

4. Chukua brashi laini yenye rangi nyeusi, paka nje ya mtu. Ukungu wa chini utaanza kujitokeza. Umepitiliza ukamla sikio? Bonyeza X, rangi inageuka nyeupe, paka, sikio linarudi.

Anayeanza hukwama mahali pawili. Kwanza, anaona mwangaza wa ajabu unaomzunguka mtu kama taa. Unatokana na ule wastani wa majirani: rangi za shati zimevuja kwenye ukungu. Dawa ni kwamba kabla ya hatua ya pili, umfiche mtu kwenye tabaka la chini kwa mhuri wa kunakili, ukipaka mabati juu yake. Haihitaji usafi, kwani ukungu utafunika.

Pili, anafifisha kila kitu sawasawa, pamoja na ardhi iliyo miguuni, mtu akabaki anaelea. Kamera ya kweli haifanyi hivyo. Ardhi iliyo karibu na viatu ni kali kama viatu vyenyewe, kisha inafifia polepole kuelekea nyuma. Kwa hiyo acha barakoa iwe nyeupe miguuni, kijivu hatua chache nyuma, nyeusi mbali.

DOIDO LA PILI: RANGI MOJA

Hili ni jepesi, tulipite haraka. Rudufu tabaka, la juu lifanye kijivu kwa menyu ya rangi, ongeza barakoa nyeupe, paka nyeusi juu ya kile unachotaka kibaki na rangi. Gauni jekundu linachomoza, mtaa mzima unabaki kijivu. Matatu iliyochorwa vizuri hupendeza sana kwa mtindo huu. Shauri langu ni moja tu: chagua kitu kimoja. Ukiacha rangi kwenye gauni, mkoba, viatu na mwavuli, umerudi ulikoanzia.

DOIDO LA TATU: KUMTOA HAPA, KUMWEKA PALE

Sasa tumefika kwa yule kijana wa gari.

Wakenya wengi watakumbuka mwaka 2016, dada mmoja alipoweka mtandaoni picha zinazomwonyesha akiwa China na kwingineko. Zilikuwa za kubandika, na zilibandikwa vibaya. Mtandao mzima ulimcheka, watu wakambandika mwezini, Ikulu na kila mahali. Baadaye kukawa na walioguswa, wakamtafutia safari, akaenda China kweli. Wengi walikumbuka kicheko na safari. Mimi nilibaki naangalia zile picha kama fundi anayeangalia gari lililoharibika: ni nini hasa kilichomfichua? Ukiniuliza, makasi si tatizo kubwa. Yapo manne, na yote yanarekebishika.

Ukingo. Ukichagua mtu kwa kalamu, pita pikseli moja au mbili ndani ya mwili wake, si juu ya mstari kamili, la sivyo utamhamisha na uzi wa rangi ya ukuta wa kwao. Kisha lainisha ukingo kwa pikseli moja. Nywele za kipilipili usizikate unywele mmoja mmoja, utalia. Andaa picha mapema: tundika shuka au leso nyepesi isiyo na maua mbele ya mabati, kwa maana mabati yana mistari na yanaakisi jua. Msimamishe mtu hatua mbili mbele ya shuka ili kivuli chake kisiliguse. Mwanga mzuri kuliko wote ni bure: mlangoni, mtu akiwa kivulini na uso ukielekea nje.

Jua. Hili ndilo ambalo hakuna kichujio kinachokusaidia, ni lazima ufikiri. Nairobi iko karibu sana na Ikweta. Adhuhuri ya hapa, ambayo kwa saa ni kama saa sita na nusu, jua liko karibu na utosi mwaka mzima. Hata Desemba, mtu mwenye urefu wa sentimita 170 hutoa kivuli cha sentimita 70 hivi. Mwende naye Beijing adhuhuri ya Desemba hiyo hiyo: jua liko chini, na kivuli chake kinafika mita 3.4, mara mbili ya urefu wake! Sasa chukua picha ya saa sita Kawangware, yenye giza chini ya nyusi na kivuli kilichojikunyata viatuni, ibandike kwenye barabara ya China yenye vivuli virefu kama minazi. Hata mtoto ataona kuna jambo, ingawa hataweza kulisema. Kwa hiyo kabla ya kukata, angalia vivuli vya picha zote mbili. Vikipishana, tafuta mandhari nyingine au piga mtu upya saa kumi jioni.

Kivuli chenyewe hutengenezwa hivi. Rudufu yule mtu uliyemkata, mjaze weusi wote, mlaze chini kwa kifaa cha kupinda kuelekea upande vilipo vivuli vingine, mweke chini ya tabaka la mtu, tia ukungu kidogo, fifisha hadi asilimia 50 hivi. Usitumie weusi mtupu. Chukua kidondoshi cha rangi kwa kubonyeza O, chovya kwenye kivuli kingine kilichomo katika mandhari, utumie rangi hiyo. Kivuli kwenye udongo wetu mwekundu ni cha kahawia, si cheusi. Halafu tia mstari mwembamba wenye giza zaidi pale soli inapogusa ardhi. Ndio unaomshusha mtu kutoka hewani.

Usawa wa macho. Katika picha iliyopigwa mahali tambarare na mtu aliyesimama, upeo wa macho hupita karibu na macho ya kila aliyesimama, awe karibu au mbali. Ukimweka mtu ambaye upeo unampita kiunoni, amekuwa jitu. Ukimpita juu ya kichwa, amekuwa mtoto. Mfano bora wa nguvu ya jambo hili uliwahi kufanyika Kibera kwenyewe, mwaka 2009, na Mfaransa anayejiita JR. Wengi wanakumbuka jinsi alivyofunika mapaa, mita za mraba kama 2,000, kwa nyuso na macho makubwa ya wanawake wa mtaa huo, yaliyochapwa kwenye plastiki isiyopitisha maji ili paa lisivuje. Mimi napenda sehemu ya pili zaidi. Sehemu za juu za nyuso, zenye macho, zilibandikwa kwenye mabehewa ya treni, na sehemu za chini kwenye mabati yaliyopangwa mteremkoni chini ya reli. Treni ikipita, kwa sekunde moja tu, nusu mbili zinakutana na uso unakamilika. Hakuna kompyuta katika tukio hilo. Ni mistari miwili iliyopangwa ikutane mahali pamoja, ndiyo kazi yako pia unapobandika.

Chenga. Picha ya simu iliyopigwa gizani ina chenga nyingi, mandhari uliyopakua mtandaoni ni safi kama kioo. Zikikaa pamoja zinagombana. Ukimaliza kila kitu, unganisha nakala ya matabaka na utie chenga kidogo juu ya yote kwa kichujio cha kelele. Zitapatana.

PICHA INAPOKUWA YA MWISHO

Mpaka hapa tumecheza. Sasa niwaambie kwa nini nayachukulia mambo haya kwa uzito kuliko mnavyodhani.

Kazi kubwa ya studio za Kibera na Kawangware si magari wala China. Ni mazishi. Mtu anafariki, mwili unapelekwa nyumbani mashambani, na kijitabu cha mazishi kinahitaji picha ya jalada. Ndipo familia inagundua kwamba marehemu hakuwa na picha. Simu yake imefungwa na hakuna anayejua namba ya siri, au aliiuza. Kilichobaki ni kitambulisho.

Jumatano moja nilikuwa nimeketi kwa yule jirani yangu wakati dada mmoja kutoka Gatwekera, Kibera, alipoingia na kitambulisho cha kaka yake. Gari lilikuwa linaondoka Ijumaa usiku. Alikuwa pia na picha ya simu ya harusi fulani, kaka akiwa pembeni kabisa, ameshikwa bega na mtu mwingine, uso wake mdogo kama punje. Akasema, "Mama hana nyingine. Hii ndiyo ataitundika ukutani."

Fundi alianza na hesabu. Picha ya kile kitambulisho ilikuwa na upana wa sentimita 2.5 hivi. Jalada lilitaka upana wa sentimita 10, na kwa uchapaji safi wa nukta 300 kwa inchi hiyo ni pikseli kama 1,180. Basi akaichanganua kwa nukta 1,200 kwa inchi, pikseli zikatosha bila kuvuta. Vumbi na mikwaruzo ya kadi akaiondoa kwa kifaa chenye alama ya plasta, kidogo kidogo.

Dada aliomba kaka avalishwe suti. Fundi ana folda nzima ya suti zisizo na vichwa. Lakini akamwuliza swali ambalo nimeliweka moyoni: "Aliwahi kuvaa suti?" Dada akafikiri, akasema hapana, koti lile la harusini ndilo lilikuwa lake la siku zote kubwa. Basi fundi akalichukua koti kutoka kwenye picha ya harusi, akaugeuza mkono wa mtu mwingine kuwa bega kwa mhuri wa kunakili. Kwa kuwa kitambulisho kilikuwa cheusi na cheupe, hakujaribu kuupaka uso rangi ya kukisia. Aliligeuza koti liwe la kijivu, akaweka chenga zile zile juu ya vyote, na koti na uso vikakubaliana.

Palikuwa na tatizo la mwanga: koti lilimulikwa zaidi upande wa kushoto, uso upande wa kulia kidogo. Njia ya mkato ni kuugeuza uso kama kwenye kioo. Hakuufanya hivyo. Kaka alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto, na ukiugeuza uso kovu linahamia kulia. Mgeni hatajua, mama atajua kabla hajavaa miwani. Koti nalo lina vifungo, na vifungo vya koti la kiume vina upande wake, ukiligeuza linakuwa la kike. Kwa hiyo akaacha vyote kama vilivyo, akalipunguzia koti mwanga upande mmoja kwa brashi laini, dakika kumi za ziada.

Mwishoni kile kifaa cha plasta kilifika kwenye paji la uso, kipanya kikalikaribia kovu. Dada akanyoosha mkono akagusa skrini. "Hilo acha. Hilo ni la mpira, alilipata tukiwa wadogo."

Likaachwa.

Tangu siku hiyo nikimfundisha mtu doido lolote, namwuliza kwanza: katika picha hii, ni nini kisichoruhusiwa kubadilika? Kijana wa gari anaweza kujibu "hakuna," ni mzaha wake na sura yake. Mama wa mabati atasema mtoto. Familia ya marehemu itasema uso, na uso ni pamoja na kovu, mwanya na jicho lililo dogo kuliko jenzake. Ukishalijua jibu, unajua brashi isifike wapi.

NA PROGRAMU ZINAZOFANYA ZENYEWE?

Najua mtasema: haya yote ya nini, wakati simu siku hizi inamtoa mtu kwenye ukuta kwa kugusa mara moja, na akili bandia inaikuza picha ndogo ikawa kubwa na safi? Mimi ni mtu wa programu, sizichukii. Kuondoa ukuta nyuma ya mtu, zitumie, zinaokoa saa nzima.

Lakini rudini kwenye zile namba zilizogota. Uso wenye pikseli 90 hauna kope ndani yake. Programu inayokupa kope imezibuni, kwa kufuata nyuso nyingine ilizozisoma. Macho yatakuwa mazuri, ngozi itakuwa laini, na mara nyingi itakuwa nyeupe kidogo kuliko ilivyokuwa. Hata kamera ya kawaida huvuta kila kitu kuelekea kijivu cha wastani, ndiyo maana uso mweusi mbele ya shuka jeupe hutoka kama kivuli, na mtu akivuta kitelezi cha mwanga ili kuufidia, uso unageuka jivu. Tumia mkunjo wa rangi uinue giza pekee, mwanga wa juu uuache. Ndio weusi unaong'aa, si uliofifishwa.

Kwa mandhari, programu ibuni itakavyo. Kwa uso wa mtu aliyekufa, ikibuni inampa mama mtoto wa mwingine.

Na neno moja la tahadhari: ujuzi huu usiupeleke kwenye vitambulisho, vyeti wala picha za kumsingizia mtu. Kenya ina sheria ya uhalifu wa mtandao tangu mwaka 2018, na haiulizi kama ulitumia GIMP au makasi.

ZOEZI LA WIKI

Mpige rafiki yako picha mlangoni, mchana, shuka likiwa nyuma yake. Kisha toka nje upige mtaa mtupu, ukisimama kwa urefu ule ule na simu ukiishika usawa ule ule. Mkate, mbandike mtaani, mtengenezee kivuli. Usimpeleke Dubai, mpeleke hatua kumi tu kutoka mlango wake, mahali anapopajua. Halafu mwonyeshe mtu wa tatu bila kumwambia kitu. Akiuliza "mlikuwa wapi hapa?" umefaulu. Akikunja uso na kusema "mbona...", rudi ukague yale manne: ukingo, jua, usawa wa macho, chenga. Mara nyingi utakuta ni jua.

Wiki ijayo, stima zikituruhusu, nitaeleza jinsi ya kuandika programu fupi ya Python ya kupunguza picha mia moja kwa mpigo. Kwa leo niishie hapa. Kazi njema.